Jumapili Tano za Eufrazia Kobelo

Eufrazia Kobelo amechelewa siku tano kukata rufaa. Asipopata ruhusa ya kuikata nje ya muda, dalali wa mahakama atapanda mlima kuchukua mbuzi wake wanne wa maziwa.

Saa mbili asubuhi amekaa kwenye benchi nje ya Mahakama ya Wilaya, Morogoro mjini. Viatu vyake vya plastiki bado vina udongo wa kwao, juu ya Bigwa. Mapajani ameshika chupa ya maji yenye maharage thelathini.

"Siku zangu zimo humu," anasema.

Mwaka jana, mkulima huyu wa miaka 52 aliandikishana na Wilfred, mfanyabiashara anayepeleka mboga hotelini. Wilfred alitoa kianzio cha shilingi laki sita. Eufrazia akapanda koliflawa kwenye matuta yake yote, naye Wilfred akaahidi kwa mdomo kutuma pikipiki kufuata mzigo.

Pikipiki ilikuja mara tatu, haikuonekana tena.

"Nikipiga simu, mara yuko njiani, mara mvua. Koliflawa haisubiri mtu. Imechanua, imekuwa njano, wakala mbuzi."

Wilfred akamshtaki kwa kuvunja mkataba. "Karatasi inasema mzigo aufikishe yeye mjini," anasema mfanyabiashara huyo. "Ya pikipiki yalikuwa maneno tu."

Mahakama ya Mwanzo ilishika karatasi. Eufrazia akaamriwa kurudisha laki sita, akaambiwa ana siku thelathini za kukata rufaa.

Akazihesabu kama kwao wanavyohesabu siku za kibarua. Kila asubuhi akienda shamba alitia harage moja chupani. Jumapili alikwenda misa, hakutia kitu. Harage la thelathini lilipoingia, akashuka mjini siku hiyohiyo. Karani akatazama kalenda, akamwambia ni siku ya thelathini na tano.

"Dada, ile ni mahakama, si parokia," anamtania mdogo wake, Yakobo, aliyemsindikiza.

"Ungeniambia wakati ule, si leo. Wewe kibarua wako ukimlipa, Jumapili unaihesabu?"

Yakobo anacheka peke yake. Mbuzi wale wakienda, na samadi imekwenda, na matuta ya mlimani bila samadi ni mawe tu.

Maombi yaliandikwa bure na Rahel, msaidizi wa kisheria wa Bigwa. Kilichobaki ni Eufrazia kujibu mwenyewe mbele ya hakimu.

"Mama, kwa nini ulichelewa?" anauliza hakimu.

"Mheshimiwa, nilihesabu siku za kazi, kwa maharage. Jumapili hata ninyi mnafunga."

Nyuma mtu anacheka. Hakimu hacheki.

"Nani alikuambia Jumapili hazihesabiwi?"

"Hakuna. Wala sikuuliza. Hapo nimekosa mimi."

Wilfred anasimama kupinga. "Mheshimiwa, sheria haijui maharage."

"Kaa chini. Utasikilizwa kwa utaratibu."

Baada ya nusu saa uamuzi unasomwa. Hakimu anasema mwombaji hakulala: alikuja asubuhi ileile hesabu yake ilipotimia, na hakuficha kosa lake. Tena suala la pikipiki linastahili kusikilizwa. Anampa siku kumi na nne kuleta rufaa, na mbuzi wasiguswe mpaka iamuliwe.

Eufrazia hapigi vigelegele. Wakitoka anamshika Rahel mkono.

"Mwanangu, hizo kumi na nne, Jumapili zimo?"

"Zimo, mama."

Anakaa tena kwenye benchi, anamimina maharage kwenye kanga. Anarudisha kumi na manne chupani, mengine anayafunga kwenye pindo.

Akishinda, anasema, atapanda vitunguu, mboga isiyooza mtu akichelewa. Na mkataba mwingine hatauwekea dole gumba mpaka Rahel amsomee, na kila kilichosemwa kiwe kimeandikwa.

Lakini hajashinda. Alichopata leo ni ruhusa tu ya kwenda kusikilizwa. Imemgharimu safari sita za mjini, matuta mawili ya karoti yaliyomezwa na magugu akiwa hayupo, na mbuzi mmoja aliyeuzwa shilingi laki moja na themanini elfu kwa ajili ya ada na nauli.

Walikuwa watano.