Maziwa ya Kipaji

Emiliana wa Ihumwa hakuwa mtu wa kulala na deni la watu. Mwaka ambao mvua ilikatika mapema na zabibu zikanyauka mashambani, wenzake katika chama cha wakulima walinyamaza kimya kuhusu mkopo wa miche. Yeye alimswaga Kipaji, ng'ombe wake wa pekee, mwenye baka jeupe usoni, hadi mnadani. Akamuuza, akalipa mkopo wote, akarudi nyumbani na kamba tupu mkononi.

Msimu uliofuata, mwenyekiti wa chama, mzee Octavian, aliita mkutano. Akatangaza kwamba wafadhili waliotoa mkopo ule wamesamehe madeni yote yaliyosalia.

"Msishangae," alisema. "Hata nchi yetu ilipolemewa, mataifa tajiri yaliifutia sehemu ya madeni, fedha iliyookolewa ikajenga madarasa. Sembuse sisi?"

Vigelegele vikapigwa. Emiliana akainuka.

"Mzee Octavian, na aliyekwisha kulipa?"

"Huyo tunamshukuru sana, mama."

"Shukrani hiyo nitaikamua saa ngapi?"

Watu waliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Paulina, jirani yake, ambaye hakuwa amelipa hata senti moja. Kicheko kile kilimkaa Emiliana kooni kama kapi la mtama.

Haukupita muda mrefu, Paulina, ambaye fedha za mavuno sasa zilikuwa zake zote, alirudi kutoka mnadani na ng'ombe. Emiliana alikuwa uani akipepeta. Alipoinua macho aliliona lile baka jeupe. Ungo ukamponyoka.

Tangu hapo wivu ulimla mchana kutwa. Kipaji akilia ng'ambo ya ua wa minyaa, yeye alijikohoza ili asisikie. Wakikutana kisimani, aliitikia salamu ya Paulina huku akiitazama ndoo. Hata Mungu, ambaye Emiliana alizoea kumwomba mambo mema kila Jumapili, alimwomba amkaushe ng'ombe yule maziwa.

Na kweli, maziwa yakapungua hadi yakakatika. Asubuhi moja Paulina alibisha hodi, kibuyu kitupu kwapani.

"Karibu," alisema Emiliana. "Umekuja kunicheka tena?"

"Nimekuja kukuomba, dada. Ananipiga mateke, maziwa anayabana. Nikimrudisha mnadani watamchukua wachinjaji. Hata siku ile walikwisha kumshika pembe, ndiyo maana nikamnunua."

"Kumbe ulimjua?"

"Nani asiyemjua Kipaji?"

"Ukamnunua kwa fedha ya kusamehewa."

"Ndiyo. Ulitaka niukatae msamaha?"

Emiliana alisonya. Akampokonya kibuyu, akaingia katika zizi la jirani, akachuchumaa na kuanza kuvumisha wimbo aliomwimbia Kipaji kila alfajiri ya miaka aliyokuwa naye. Ng'ombe akageuza shingo, akamnusa bega. Maziwa yakachuruzika.

Paulina aliguna. "Basi akae kwako, maziwa tugawane. Wazee wetu waliwekeana mifugo hivyohivyo."

"Ng'ombe wako, kazi yangu?"

"Na nusu ya maziwa ni yako, dada. Usisahau."

Emiliana alikwenda kuitungua ile kamba, ambayo hakuwahi kuitumia kwa kazi nyingine, akamwongoza Kipaji hadi uani kwake.

Hadi leo hugawa maziwa kila asubuhi bila kukosa. Ila kibuyu chake hukijaza kwanza, na povu lote humwachia Paulina.