Kuvu ya Jicho la Mama

Mama alikuwa na jicho moja tu la kuonea. La pili surua ililichukua utotoni. Mwaka ule waasi waliposhika mji wa Uvira, huku Kongo, hilo moja likachomwa na kijiti cha mpamba shambani Katogota. Likawa jekundu, halafu ndani kukatanda weupe.

Hospitalini, Dokta alivuta tone la maji ya jicho kwa sindano. Mimi nilitaka kuzimia, Mama hata hakuguna. Dokta alishuku kuvu, ila dawa yake ilibaki kichupa kimoja, na kama ugonjwa si kuvu, dawa hiyo ingeliunguza jicho. Basi tone akalidondosha katikati ya kipande cha muhogo uliochemshwa, akakifungia kwenye chupa ya jamu, tungoje kama kuvu itaota. Akatuambia tukakiweke nyumbani, maana waasi walikuwa wanakunywa kila chupa ya hospitali wakidhani ni dawa ya kuzuia risasi. Kwenye bariyeri, kizuizi cha waasi barabarani, muhogo wetu uliandikiwa karatasi ya kupita, ikapigwa muhuri.

Siku ya tano nikakuta chupa iko juu ya meza, imeoshwa, inang'aa. Shangazi yangu, dada ya Baba, alikuwa amekuja kutupikia. Kwetu muhogo huvundikwa mpaka uote kuvu, halafu unakwanguliwa. Naye akakwangua. Kipande chenyewe alikitia kwenye maharagwe, na maharagwe, ole wetu, tulishakula.

Heshima yote ikanitoka. Nilimfokea Shangazi yangu mbele ya majirani, nikamkokota mpaka hospitali.

Dokta akashika kichwa. Kisha akamuuliza ilikuwa kuvu ya namna gani.

"Haikuwa ya muhogo," Shangazi akasema, amenuna. "Ya muhogo miye naijua tangu niko mutoto. Iko nyeusi, inaanzia pembeni. Ile ilikuwa nyeupe, na ilianzia katikati, pale weye uliweka tone."

Dokta akakitoa kile kichupa cha dawa ya kuvu, akaenda kuchemsha sindano.

Kichupa kiliisha kwa majuma mawili. Siku bandeji ilipotoka, Mama alikaa uani mbele ya ungo wa muhogo aliokuwa ameukwangua Shangazi, ambaye tangu siku ile hakunisemesha. Mama akainama, akanyoosha kidole.

"Wifi," akasema, "hapa umeacha kuvu."

Shangazi akatazama. Kweli, kulikuwa na kadoa kadogo keusi. Akaketi chini, akalia, nami nikapiga magoti nikamwomba msamaha.