Mshahara wa Mpima Maji na Blanketi la Mkwe

Mwaka 1949, pale Ndalambo, hakuna kijana aliyetamba kama Amoni. Serikali ilimlipa shilingi thelathini kwa mwezi ili ayatazame maji! Ndiyo, kuyatazama. Alfajiri, kabla wanawake hawajateka, aende chemchemini, asome kina kwenye ubao wa namba uliosimikwa humo, aandike, basi. Wenzake waliokuwa wakivunjika migongo kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa waliona wivu hadi wakakosa usingizi.

Lakini shilingi za Amoni zilikuwa na miguu. Kodi ilichukua chake, mama yake alitaka chumvi na mafuta ya taa, na kila binamu aliyevuka mpaka alikuja na njaa mpya. Kilichobaki alikiweka kwa ajili ya ng'ombe wa mwisho wa mahari ya mchumba wake, Nesta.

Sasa sikia balaa. Aliyekuwa akiwahi chemchemini kuliko wote ni Ferista, mama yake Nesta. Na kwa Wanamwanga mchumba haonani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona, anaingia porini. Basi kila alfajiri mtumishi wa serikali, kofia kichwani, alijikunyata kichakani kama digidigi. Ferista naye hakuondoka upesi. Mpaka Amoni atoke, wanawake wote wameshateka na maji yameshuka. Akaandika hayo hayo.

Mzungu wa maji alipokuja kutoka Mbeya, akazisoma namba, akakunja uso. "Chemchemi hii inakufa. Mwezi ujao ikiwa hivi, nang'oa ubao, na kazi yako imekwisha."

Amoni akamkimbilia mshenga wake, Barnaba.

"Mjomba, nimekwisha! Kazi ikienda, na Nesta kaenda."

Barnaba akacheka mpaka ugoro ukammwagika. "Msomi mzima unashindwa na mwanamke mwenye mtungi? Mpe mkwe zawadi, mwiko ufunguke. Blanketi! Lile zito la Tunduma, si hilo la kupitisha upepo."

"Litakula hela ya ng'ombe!"

"Basi kamwoe huyo ng'ombe."

Mshahara uliofuata, nusu yake ikabaki dukani Tunduma. Barnaba akalipeleka blanketi, Ferista akalipokea kwa vigelegele. Kesho yake Amoni akatokea njiani wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Afadhali umetoka! Siku zote unajificha kando ya njia yangu ya nyumbani, nami kwa mwiko huo huo nakaa hapa nikikosa pa kupita mpaka jua litoke!"

Amoni akamweleza habari ya ubao na kazi. Ferista akawageukia wenzake waliokuwa wakifika. "Jamani, mitungi chini! Hakuna kuchota mpaka mkwe wangu asome."

Mwezi ulipoisha, mzungu akaona namba zimepanda, akaacha ubao mahali pake na Amoni kazini. Jioni ile Ferista akamwambia mumewe, "Ng'ombe wa mwisho atakuja baada ya mavuno. Binti aende sasa." Mzee akaguna kidogo, kwa heshima ya ng'ombe, kisha akamtuma mtu kumwita Barnaba wapange siku ya harusi.