Pembe Iliyopitisha Jua

Kaka yangu Zéphyrin anatengeneza fromage, jibini ya maziwa ya ng'ombe, kule juu ku vilima ya Masisi. Mimi ninauza sambaza, samaki wadogo, huku chini Shasha, kando ya ziwa. Njo maana majirani wanasema nyumba yetu inanuka toka pande mbili. Waache waseme, wanakula vyote viwili. Juma nzima Zéphyrin iko na maziwa, moto na mashini yake ya mbao ya kukamulia fromage; siku ya Mungu anashuka, ananawa mikono na ndimu, anapiga gita ya basse, ile ya sauti nzito, ku kanisa. Ni muntu wa maneno kidogo. Ukimuuliza habari, anajibu "njo hivi tu", na mazungumzo imeisha hapo. Lakini akishika ile gita, sauti inapanda toka chini ya miguu yako, na mama wazee wanaacha kukohoa.

Kati ya wenye waliacha kukohoa kulikuwa Gaëlle. Alitoka kwao Buleusa, kule Walikale, akaja Kirotshe kusomea unesi, akaingia ku chorale yetu ya kanisa. Sitaeleza walivyopendana, sababu hata wao hawajui kueleza. Ninajua tu kama baba yake, Papa Benoît, alikawia sana kukubali. Alikuwa anasema vilima yetu iko mbali, na mutoto akienda fasi macho ya baba hayafike, baba anabaki na nini? Mwishowe akakubali, lakini nusu nusu. Alisema atamaliza kukubali siku ile yenyewe ya kumuchukua binti, akituona na macho yake, mbele ya ukoo wake wote. Zéphyrin akaahidi kwenda na gita, apige yeye mwenyewe pale lupango, ndani ya uwanja wa nyumba yao.

Sasa ile gita ilikuwa uchi. Ni ya zamani, ya orkestra moja ya Goma iliyovunjikaga, na chorale iliipata na waya zake inje, matundu ya vis, zile skrubu, wazi. Kuna plake inawekwaga pale chini ya nyuzi, ya kukinga ubao vidole visiukwangue. Ile yake iliisha kuvunjika. Kilibaki kipande kidogo tu chini ya vis moja, ukubwa wa ukucha. Kwa Kifaransa rangi ile wanaiita écaille, ni kusema gamba ya kobe. Si kobe ya kweli. Ni plastiki ya wakati ule, kahawia na nyekundu na manjano zikiingiana. Zéphyrin alikitoa kile kipande, akakiinua juani, na toka hapo hatukuwa na amani: alitaka plake ya rangi ile.

Kila muntu alimuletea yake. Mumoja alikata plake ndani ya bidon ya mafuta, njano tupu. Mwingine akaleta nyeusi, ya kukata ku tapi ya kukanyagia ndani ya gari. Mimi mwenyewe nilifika mpaka Goma, nikamuletea ile ya madukani, écaille mupya, inang'aa kama kiatu cha askofu. Nilikuwa na furaha yangu. Akaiinua juani pembeni ya kile kipande, akaangalia sana, akaniambia asante dada, iko muzuri. Halafu akaiweka juu ya kabati. Nilimukasirikia! Nilimuambia kama anataka kuoa plake, aende basi kwa baba ya plake. Alinivuta tu mukono, akanionyesha: ku ile yangu rangi ilikuwa juu tu, kama rangi ya ku kucha, ku kile kipande rangi ilikuwa ndani, na jua ikipita, ilionekana inatembea. Sikutaka kukubali, lakini niliona.

Ku fromagerie yao wanatumia pembe ya ng'ombe kwa kuchotea maji ya maziwa. Siku moja waliisahau ndani ya sufuria, ikachemka mpaka ikalegea. Muntu mwingine angegomba na kutupa. Zéphyrin aliipasua, akaifungua, akaitia ndani ya mashini ya fromage na kukaza mpaka mashini ikalia. Kesho yake ilitoka imenyooka kama ganda ya kitabu. Basi njo akaanza kuchagua pembe. Ku soko ya Sake, nyuma ya wachinjaji, alikuwa anainua pembe kavu moja moja juani, sawa mama anachagua nyanya. Nyeusi, hapana. Nyeupe tupu, hapana. Wachinjaji wakamuuliza kama anatafuta ile yenye muntu ndani. Mwishowe akapata moja, ya ng'ombe ya pembe ndefu, akarudi nayo Masisi ameikumbatia.

Alinijia nayo ku soko ikiwa tayari plake, imekwanguliwa na kipande cha chupa, imepakwa mafuta, imekatwa sawa na gita. Mikono yangu ilikuwa na magamba ya samaki. Akasema niangalie, akaiinua.

Mungu wangu. Ilikuwa asali, na ndani ya asali kulikuwa kahawa imemwagika, na fasi moja wekundu kama moto unaolala. Jua ilipita mule ikaniangukia ku mukono, na mukono wangu wenye kunuka samaki ukawa muzuri. Mimi mwenye mudomo, mimi wanaoniita redio ya Shasha, sikupata la kusema. Tangu utoto ninapita kando ya ng'ombe nikiogopa tu isinichome. Sikujuaga kama inabeba kitu kama kile ku kichwa, ndani ya giza, na haina hata habari.

Siku ya kumuchukua Gaëlle ilipokaribia, tulienda Buleusa na wenzetu wa chorale, na pikipiki fasi barabara iko, na miguu fasi barabara imechoka. Ng'ombe ya karamu ilitutangulia na wachungaji. Ampli, ile sanduku ya kukuza sauti ya gita, na batri yake tulizibeba ku mugongo. Kufika, watu walitoka milangoni kutuangalia. Mugeni ni kuku mweupe, tulijua. Lakini walitupokea muzuri. Asubuhi ya siku yenyewe Papa Benoît alichinja ile ng'ombe kwa mukono wake, akicheka na ndugu zake, na nilimuambia Zéphyrin moyoni: kaka, umepata.

Halafu Zéphyrin akatoa gita ndani ya mufuko wake.

Muzee mumoja, Papa Élie, ndugu mukubwa wa Papa Benoît na muwindaji wa pori tangu ujana, alisimama, akakaribia, akarudi nyuma. Akauliza ile kitu ku gita ni nini. Na mimi, kwa kumuangalia uso, njo nikaelewa kama anaona gamba ya kobe.

Kwa ukoo wa Gaëlle, kobe ni mwiko. Ni Wakristo kama sisi, wanabatiza, wanakomunika. Lakini kobe haiguswe, haikuliwe, na gamba yake haiingie lupango. Wanasema bibi yao wa zamani alipotea porini, kiu inamumaliza, akafuata kobe mpaka ku maji. Zéphyrin alijua kama hawakule kobe. Gaëlle alikuwa amemuambia. Ila ile plake alikuwa ameitoa ku pembe ya ng'ombe na mikono yake miwili; ndani ya akili yake haikukuwa kobe hata siku moja. Na Gaëlle alikuwa amerudi kwao kabla gita haijavalishwa plake, hakuwa ameiona.

Zéphyrin akajibu ni pembe ya ng'ombe. Papa Élie akatikisa kichwa. Alisema ameshika pembe ya kila nyama wa pori hii, na hakuna hata moja inayopitisha jua. Hapo muimbaji wetu mumoja, kwa kutaka kusaidia, akaruka kusema ni plastiki ya Goma tu. Ningemufunga mudomo na kitambaa! Papa Élie alitia musumari ku makaa, akaugusisha pembeni ya plake. Moshi kidogo ukatoka, na sisi wote tukasikia harufu: nywele zinaungua. Plastiki hainuke hivyo, gamba ya kobe njo inanuka hivyo. Sasa tulikuwa watu wa kobe, na tena waongo.

Mama wakaanza kuinua viti. Papa Benoît hakugomba. Ingekuwa heri agombe. Alikaa, akaangalia chini, akasema pole pole: "Muntu anayeleta kobe ku mulango wangu siku ya kuchukua mutoto wangu, kule kwake, fasi sioni, atamufanyia nini?"

Nilimuonea kaka yangu huruma, sababu ninamujua: hana maneno, na pale palihitaji maneno. Gaëlle akatoka ndani na nguo zake za harusi, mama yake nyuma anamuvuta. Akasimama mbele yake.

"Zéphyrin. Ni kobe?"

"Ni ng'ombe."

"Waonyeshe basi."

Akavua koti. Akaenda nyuma ya jikoni, fasi kichwa ya ile ng'ombe ya asubuhi ilikuwa imetupwa na mbwa wanaizunguka. Akaibeba, damu ikimutona ku suruali ya harusi, akaiweka mbele ya miguu ya Papa Benoît. Akamuomba aiangalie muzuri, kama ni ile aliyochinja. Papa Benoît akasema ni yenyewe. Papa Élie naye akainama, akasema ni yenyewe. Basi Zéphyrin akakata pembe moja pale pale na musumeno, na akaomba sufuria kubwa ya ndizi imwagwe.

Ikachemka. Ninyi hamujui harufu ya pembe inayochemka, na ninawaombea musiijue. Hakuna aliyekula, hakuna aliyeimba. Lakini niliona kitu: hata wale walioinua viti hawakuenda. Walivikalia tena, mbali kidogo. Jua ikapanda, ikaanza kushuka. Kaka yangu alikuwa anachochea kuni, anagusa, anarudisha. Mimi nilikuwa ninaomba, na sala yangu ilikuwa mufupi: Bwana, isipasuke.

Akaitoa. Akaigonga, mufupa wa ndani ukachomoka, watoto wakakimbia. Akaipasua kwa urefu, akaishika na vitambaa vyenye kuloa, akaanza kuifungua. Haikukuwa kufungua kwa nguvu. Aliifungua kama unavyofungua mukono ya mutoto aliyelala, na pembe, kitu kinachotoboa tumbo ya muntu, ikakubali. Nikasikia watu wakivuta pumzi.

Aliiweka kati ya mbao mbili. Hapakuwa na mashini ya fromage, na mawe ya pale yalikuwa madogo. Akasema inataka uzito, tena haraka, sababu ikipoa itajikunja. Wanaume wetu wawili wakakaa juu ya ubao. Haikutosha. Zéphyrin akainua macho kwa wazee wa Buleusa. Papa Élie akaja, akakaa, uso kama muntu anayekalia moto. Bado kidogo. Hapo Papa Benoît akasimama kutoka ku kiti yake, akavuka lupango yake yote watu wakimuangalia, akakaa juu ya ubao karibu na ndugu yake. Wakakaa pale wote, wageni na wenyeji, bega kwa bega, kama kuku wanaolalia mayai. Ningecheka kama sikukuwa bado ninaomba.

Ilipopoa, wakasimama. Zéphyrin akakwangua na chupa, akapaka mawese, akafuta, akakwangua tena. Bado ilikuwa chafu pembeni. Hakuiinua yeye. Alimupa Papa Benoît mukononi.

Muzee akaipindua, akainusa. Kisha akaiinua juani.

Ile ng'ombe haikukuwa hata ya pembe nzuri. Lakini jua iliingia, na ndani mukawaka: manjano, kahawia, na mushipa mwekundu unaoteremka katikati. Ikapita, ikamuangukia Papa Benoît ku shati yake nyeupe. Akaisogeza, na ile mwangaza ikasogea ku kifua chake. Akaisogeza tena. Mama mumoja akapiga ishara ya musalaba. Papa Élie alitoa kofia yake, muwindaji yule mwenye kuona kila kitu porini, akaweka mukono wake chini ya ile mwangaza, akauangalia kama si mukono wake. Sisi sote, wa ziwa na wa pori, tulikuwa kama watu wameonyeshwa siku Mungu alipokuwa angali anatengeneza dunia.

"Asubuhi nilitupia mbwa hii kichwa," Papa Benoît akasema.

Akarudisha ile plake kwa Zéphyrin. Akaenda mpaka ku gita pale ilipoegemezwa, peke yake, hakuna aliyekuwa ameigusa tangu asubuhi. Akaishika na mikono miwili, kiganja juu ya ile écaille yenyewe. Akaileta, akamuvalisha mukwe wake mukanda wa ile gita begani.

"Piga," alisema. "Mutoto wangu asitoke kwangu kimya."

Zéphyrin akapiga. Wimbo wa kwanza ulipoteza njia, vidole vilikuwa vimeungua, na hakuna aliyejali. Wakati wa kutoka ulipofika tukaona shida: waya ya gita ni mufupi, ampli haitembei. Papa Élie hakungoja kuombwa. Alibeba batri ku bega, muntu wetu akabeba ampli, wakamufuata Zéphyrin nyuma nyuma, na ile sauti ya chini ikatoka lupango pamoja na sisi, ikapita kati ya nyumba.

Papa Benoît alikuwa mbele, amemushika Gaëlle mukono. Alitembea naye mpaka nyumba ya mwisho, akapita nyumba ya mwisho, mpaka fasi migomba inaisha na pori inaanza. Hapo akasimama. Basse ilikuwa inapiga nyuma yetu. Aliangalia njia yetu, ile inayoenda fasi macho yake hayafike, akasikiliza kidogo, na akafungua vidole.