Sikukalia Kile Kiti

Ninaikumbuka asubuhi moja pale mtaa wa Bondeni, mjukuu wangu, nilipokataa kukaa kwenye kiti cha mtu. Leo magoti haya yananilalamikia hata nikisimama kukoroga uji, lakini siku ile nilisimama, na sijuti.

Juzi nimekusikia ukigombana na simu yako, unasema pesa imeliwa na hujaongea na mtu. Nikacheka peke yangu. Wewe umeliwa na mtandao usiouona. Mimi nililiwa na kiti cha mbao chenye mto mwekundu, na mwenye kiti alikuwa amesimama mbele yangu akiangalia saa.

Baba yangu alikuwa fayamani wa reli, mtu wa kuhudumia moto wa injini, na tulikaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi. Kifua kilimwangusha. Hospitalini mama aliambiwa awaite watoto wote mapema, na mama hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Mimi nilikuwepo. Aliyekosekana ni kaka yangu Habili, aliyekuwa Kampala kwenye kiwanda cha mbao. Baba hakuuliza dawa wala chakula. Kila tukiingia alikuwa akiuliza, "Habili amefika?"

Tulimpelekea telegramu, haikuzaa kitu. Unajua, wazee wa wakati ule walikuwa na ujanja wao. Mzazi akitaka kijana aje kuoa, anapeleka telegramu: baba mgonjwa, njoo upesi. Kijana anapanda treni roho mkononi, anafika anamkuta baba anakunywa pombe ya busaa na wenzake. Habili alishachezwa hivyo, tena na baba huyo huyo. Kwa hivyo telegramu yetu aliikunja akaitia mfukoni. Ilibidi asikie sauti ya mama.

Simu ya nyumbani tuliyoweza kuifikia ilikuwa moja, ya Bwana Elkana, kontrakta mwenye malori. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufumwa, inatunzwa kuliko mgeni. Majirani waliruhusiwa kupiga, ila Bwana Elkana alihesabu bei kwa kiti. Ukikaa, anaangalia saa yake ya mkononi. Ukiinuka, anaiangalia tena. Muda wote wa katikati ni wako, uwe umeongea au umekodoa macho tu. Na simu ya mbali siku hizo ilikuwa kungoja! Unazungusha mkono wa simu, unamwambia operata unataka Kampala, anakwambia subiri laini, na wewe unasubiri huku mto ule mwekundu unakula.

Mara ya kwanza mama alikaa kwa adabu, mikono mapajani, kama yuko kanisani. Tulingoja sana. Laini ikaja, mtu wa kiwanda akasema Habili yuko stoo, anaenda kuitwa. Kabla hajarudi, Bwana Elkana akanyoosha kidole akaikata. "Mama, pesa yako imeisha."

Hatukuwa tumesema hata neno moja na Habili. Kuku wa mama, karibu wote, walilipia kukaa. Njiani mama hakulia. Mimi nililia, na hayakuwa machozi ya huzuni. Yalikuwa ya hasira, mwanangu.

Watu wa landi walituambia tuache, mwenye nguvu mpishe. Nikawaambia nimekwisha kumpisha, na amepita na kuku wetu. Mama akauza waliobaki, pamoja na jogoo. Jogoo alikuwa wa baba, na baba hakuambiwa.

Tuliporudi, akina mama kadhaa walikuwa kwenye benchi ukutani wakingoja zamu yao. Bwana Elkana alitukaribisha vizuri, maana alikuwa mtu wa tabasamu.

"Karibu, mama. Kaa."

Nikapita mbele. "Hatukai leo, mzee."

"Sasa mtapigaje simu?"

"Kwa mdomo."

Benchi lote likacheka. Yeye hakucheka. "Wewe msichana, hii nyumba ni yangu, na simu ni yangu."

"Ni kweli. Lakini dakika si zako."

Nikazungusha mkono wa simu kabla hajanizuia. Operata alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka. Nikampa namba ya kiwanda, halafu nikamuuliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya reli: "Dada, dakika zinaanza kuhesabiwa lini?"

"Ukitaka namba tu, wakijibu," akasema. "Ukitaka mtu kwa jina, mpaka yeye mwenyewe ashike simu. Unaongeza ada kidogo ya kuitiwa. Unataka gani?"

"Kwa jina. Na kungoja laini?"

"Kungoja hakuna bei, dada. Maongezi ndiyo yanauzwa, dakika tatu tatu."

Nikawageukia akina mama wa benchi. "Jamani, kungoja hakuna bei!" Muuza mboga mmoja akasema "Ala!" na kumtazama Bwana Elkana kutoka kofia hadi viatu.

Bwana Elkana akajitetea. "Na kodi ya simu? Hata nisipopiga ninalipa. Utanilipia wewe?"

Sitamdhulumu marehemu: hapo alikuwa na haki. Aliyejibu ni mama. "Taja kodi yako, Elkana, tuijue. Tutakuwekea juu ya meza. Lakini usiifiche chini ya mto wa kiti."

Akataja senti zake, si nyingi. Mama akaziweka mezani. Tukangoja tumesimama, mama ameegemea bega langu, na kiti kile kitupu kinatutazama.

Laini ikaja. Habili akaitwa, akashika. Nikamnong'oneza mama, "Anza na ugonjwa, dakika ni tatu tu, ukizidi kidogo tunalipa tatu nyingine nzima."

Alinitupia jicho ambalo sijalisahau. "Nimwambie mwanangu baba yake anaenda kabla sijamsalimia? Mimi ni mchawi?"

Akaanza na salamu ya kwetu: Mulembe, Habili. Akauliza alivyolala. Akauliza mvua ya Kampala, mama mwenye nyumba, mke wake na mimba yake. Akauliza kile kikohozi cha utotoni kama kinarudi wakati wa baridi. Operata akaingia katikati: "Dakika tatu. Mnaendelea?"

Bwana Elkana akainama kusikiliza.

"Tunaendelea!" mama akasema, na nadhani waliokuwa barabarani waligeuka. Pesa tuliyokataa kulipia kiti ndiyo iliyolipia dakika zile. Halafu sauti yake ikashuka. "Habili. Baba yako anakuuliza."

Habili akajibu, "Nakuja, mama."

Alikuja na treni. Baba alimwona akiingia, akamwambia, "Umechelewa, na jogoo wangu ameuzwa," akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kumbe alijua. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Habili. Baada ya mazishi kaka aliniambia: "Mngeanza na ugonjwa, ningekata simu. Aliponiuliza kikohozi, nikajua huyu ni mama, na hana haja ya kunidanganya."

Na kiti? Habari za benchi hazilali. Tangu siku ile kila mwanamke aliyekuja kupiga simu alisimama, hata wajawazito, hata nyanya mmoja mwenye fimbo. Mwishowe Bwana Elkana alikitoa kiti barazani akakikalia mwenyewe, na kila aliyefika alitajiwa bei mlangoni kabla ya kuingia.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Kabla hujafungua mdomo, uliza inahesabiwa kuanzia wapi, inakatwa kwa vipande vya ukubwa gani, na nini unalipa hata usipoongea. Kuuliza si ujinga. Mali bila daftari huisha bila habari, na anayekukaribisha kwa tabasamu muulize mara mbili. Cha haki kilipe, kiwekwe mezani kikionekana. Cha kufichwa chini ya mto kikatae, hata kama nyumba ni yake na sauti yako inatetemeka. Lakini usijifunze ubahili wa maneno. Ukiokoa senti, ziokoe upate kuzitumia kwa watu wako.

Mungu akupe ulimi usioogopa mwenye nyumba. Akupe miguu ya kusimama pale wengine wanapokalishwa, na mtu wa kukuegemea ukisimama. Na usikose hata siku moja dakika za kumaliza salamu.

Sasa lete hiyo simu, tumpigie mama yako. Hapana, kiti kiache hapo hapo. Nitaongea nimesimama.