Flaiwili ya Injini Nyingine

Mwaka 1954, lori lililokuwa likibeba kahawa kutoka Kanazi hadi gatini Bukoba lilikufa injini. Mwenye lori akanunua injini iliyotolewa kwenye lori la aina nyingine, akampelekea fundi Nathanieli Rutashobya, Buhembe.

"Ifunge," alisema. "Giaboksi ni ile ile."

Hapo shida ikaanza. Flaiwili ya zamani, ile sahani nzito ya chuma inayozunguka kati ya injini na giaboksi, haikuingia kwenye injini mpya. Matundu ya bolti hayakulingana. Iliyokuja na injini nayo ilikuwa ndogo, klachi ya lori haikukaa juu yake. Nathanieli akaitoboa ile ya zamani matundu mapya kwa keekee ya mkono, akipima kwa bikari na kwa macho. Injini ilipowaka, alisikia mtetemo mdogo.

"Lisitoke kwanza," alimwambia dereva Burhani. "Kesho nitafungua tena nitazame."

Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu. Jirani alimweleza kwamba mwenye lori amelikodisha kwa kwaya ya Kilutheri iliyokwenda kuimba harusini Muleba. Mkewe Kemilembe, mjamzito, alikuwa ametoka alfajiri na kwaya hiyo. Nathanieli alijua wanakwenda harusini. Hakujua watapanda nini.

Alirukia baiskeli. Bolti zikikatika gari likiwa mbioni, flaiwili huweza kupasua kava lake na kuruka kama shoka, na abiria wamekaa karibu tu. Alipofika Kyetema, alimuuliza mama aliyekuwa amebeba ndizi.

"Wamepita wanaimba, waitu," mama akajibu kwa adabu ya Kihaya.

Akapata nafuu kidogo, kisha akakumbuka milima iliyo mbele. Kila kona aliogopa kuitazama.

Alipopita Muhutwe kidogo, aliliona lori limesimama ukingoni mwa barabara. Wanakwaya walikuwa wamesimama kwenye nyasi. Akaitupa baiskeli.

"Kemilembe!"

"Niko hapa, Ta Nathanieli." Aliitika kwa heshima kama kawaida yake. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono tumboni.

"Pedali ya klachi ilikuwa inanirusharusha mguu," Burhani akasema. "Nikazima injini, tukaserereka mpaka hapa."

Nathanieli aliingia chini ya lori, akafungua. Bolti mbili zilikuwa zimekatika. Flaiwili ilikuwa imeanza kula kava kwa ndani, chuma kinang'aa. Alikaa humo chini kwa muda, akiogopa kutoka.

"Ulijua lina kasoro?" Kemilembe akamuuliza.

"Nilihisi."

"Ukahisi, ukaja kulala?"

Alimpandisha kwenye baiskeli, akaikokota kurudi Muhutwe kwa shangazi yake, akisimama kila Kemilembe alipoguna. Kwaya ilibaki ikisubiri gari jingine.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mwenye lori alitaka bolti nene zaidi zitiwe, kazi iishe.

"Tafuta flaiwili ya injini hii, na klachi yake," Nathanieli akamwambia. "La sivyo, sishiki."

Mwenye lori akatafuta fundi mwingine aliyekubali kutia bolti nene. Lori likarudi barabarani, na wiki baada ya wiki likapita Buhembe limejaa watu na magunia. Kila lilipopita, Nathanieli aliweka spana chini, akasikiliza mpaka mlio ukapotea upande wa Kanazi.