Kilichokuwa Kikigonga Chini ya Gari la Baba

Wateja walimwita Mama Difu, ingawa hakuwahi kuzaa wala difu hazikuwa kazi yake pekee. Jina lilimwangukia zamani, siku alipofungua difu, ule mtambo wa meno unaozungusha magurudumu ya nyuma, ya lori la mchanga mbele ya mafundi watatu waliokuwa wameshaikatia tamaa, akaifunga tena kabla ya adhuhuri, na lori likaondoka kimya kama paka. Enzi hizo nguvu zilikuwepo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, goti moja bovu, na uchovu uliomwingia hadi kwenye mifupa.

Gereji ilikuwa ya marehemu baba yake: banda la mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Nyuma ya ukuta huohuo palikuwa na vyumba viwili alimoishi na mama yake. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. Upande mzima wa kulia ukafa, na maneno yakamwishia, yakabaki mawili matatu ambayo hayakutoka kwa mpango. Alipotaka kitu aligonga ukuta kwa kikombe cha bati. Mama Difu akikisikia, hata awe amelala chini ya gari na bolti mdomoni, alitambaa akatoka, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaingia ndani. Alimgeuza, akampa maji, akamfuta, akarudi kwenye bolti yake. Mara nane kwa siku, mara kumi. Siku nyingine aliacha hata kuzihesabu.

Kaka yake alikuwa mmoja tu, mkubwa wake kwa miaka sita. Baba alipokufa aliacha vitu viwili vya maana. Gereji akampa binti, kwa sababu ndiye aliyeipenda. Gari lake kuukuu, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, akampa mwana, kwa sababu huyo grisi ilimchefua tangu utotoni lakini kuendesha alijua. Kaka akawa anapeleka watu na mizigo kwenye makazi ya mlimani, kule magari madogo yanakoshindwa kupanda. Tangu Mama augue alikuwa amekuja mara mbili. Mara ya mwisho ilikuwa imetimiza miezi kumi na moja. Alipenda kutuma ujumbe kwa simu: "Mama anaendeleaje?" Naye Mama Difu alijibu neno moja: "Yupo."

Jumanne moja asubuhi akaja. Mama Difu alilisikia gari kabla hajaliona, likapunguza mwendo nje ya geti, na lilipoingia likatoa sauti moja nzito kutoka nyuma: ngo!

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

"Nimechoka. Una nini?"

Kaka akashuka, akalitazama gari kama mtu anayetazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Kuna mlio. Nikiondoka, ngo. Nikibadili gia, ngo. Kama kuna mtu humo chini anagonga afunguliwe mlango."

"Umeshampelekea nani?"

"Wa kwanza alibadilisha krosi zote za propela. Wa pili akafungua difu, akasema meno yameachiana, akayasogeza. Wa tatu akaweka raba mpya za kushikilia giaboksi."

"Na mlio?"

"Uko palepale. Tena siku hizi hauna hata haya."

"Kwa hiyo mimi ni wa nne."

"Wewe ni wa nne."

Ugomvi unataka nguvu, na Mama Difu zake alikuwa anazitunza kwa ajili ya kumwinua Mama saa sita. Alifuta mikono kwa kitambaa, akanyoosha kiganja. "Lete ufunguo. Kaa upande wa pili, usizungumze."

Barabara ya mbele ya gereji ilikuwa ya lami iliyobanduka, nayo ilishuka taratibu hadi kwenye kalvati. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi polepole. Ngo. Akasimama, akaingiza ya kurudi nyuma. Ngo. Hapo hata yeye angesema krosi, au meno ya difu. Fundi yeyote angesema hivyo, na watatu walishasema.

"Ukifunga breki je?"

"Breki?" Kaka akakuna kidevu. "Sijawahi kusikiliza."

"Sikiliza basi."

Walipofika penye mteremko akaitoa gia, gari likawa linashuka lenyewe kwa uzito wake. Akaikanyaga pedali ya breki kwa nguvu. Ngo! Mlio uleule, mahali palepale, nyuma upande wa kushoto.

Mama Difu alisimamisha gari pembeni. Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani, si kwa kufikiri tu bali kwa sababu kiti kilikuwa laini na hakuna aliyekuwa akimwita.

"Gia haikuwepo," alisema hatimaye. "Injini haikuvuta chochote. Hapo ilikuwa breki na magurudumu basi. Sasa meno ya difu yatakuwa yanagonga kwa sababu gani?"

"Kwa hiyo si difu?"

"Difu wameionea. Kuna kitu kizima kizima kinasogea."

Walirudi. Kwanza alitaka kujiridhisha, maana sikio nalo hudanganya. Alitandika boksi lililokunjuliwa, akalala chali, goti likilalamika, akaishika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Ilicheza kidogo, kama inavyopaswa kucheza kwa gari la umri ule. Krosi, viungo vya ncha zake, zilikuwa mpya na ngumu. Kisha akachukua kamba, akamwambia kaka ashike ncha moja katikati ya gurudumu la mbele, naye akaivuta hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Upande wa kulia akafunga fundo. Upande wa kushoto fundo halikufika: lilipungua kwa upana wa vidole viwili.

"Magurudumu yamepishana?" kaka akauliza.

"Ekseli ya nyuma imekaa mshazari. Hujawahi kuona gari linataka kuvuta upande mmoja?"

"Nilidhani ni barabara."

"Barabara zote?"

Mama Difu akaweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akamwambia kaka apande, awashe injini, aegemeze mguu kwenye breki, aachie klachi kidogo katika gia ya kwanza, kisha katika ya kurudi nyuma, zamu kwa zamu. Yeye alilala pembeni ya gurudumu la nyuma, kichwa kwenye boksi, tochi mkononi.

"Ukikosea mguu nitakuwa mkeka," alimwambia.

"Usiniambie maneno hayo, dada. Mguu unatetemeka."

"Basi tetemeka kwenye breki."

Injini ikaunguruma. Gari likajikaza, likajiachia. Kwenye mwanga wa tochi Mama Difu akaanza kuona kitu, lakini kabla hajakishika vizuri, sauti ikaja: ngo, ngo, ngo.

Kaka akachungulia dirishani kwa furaha. "Hilo hilo! Umelisikia? Hilo hilo!"

"Zima gari," alisema Mama Difu.

Akazima. Ngo, ngo.

"Hilo si gari," alisema, akiinuka kwa kushika bampa. "Hilo ni Mama."

Uso wa kaka ulishuka. Aligeuka kuutazama ukuta wenye spana, na spana ndogo kabisa zilikuwa zikicheza kwenye misumari yake kwa kila pigo.

"Nenda wewe," Mama Difu alisema. "Mimi mikono yangu michafu. Yako misafi."

"Sasa... atanijua?"

"Sijui. Nenda ukaone."

Kaka alishuka, akabaki ameshika mlango wa gari. Mama Difu akamngojea kwa muda ambao mtu anaweza kunywa maji, kisha akaenda kunawa. Alipita mbele yake bila kumtazama. Hakuwa na hasira. Hasira angalau ina joto. Alimgeuza mama yake, akamnywesha, akatandua shuka, akatandika nyingine, akarudi baada ya robo saa akamkuta kaka yuleyule mahali palepale.

"Panda," alimwambia. "Tumalize."

Safari hii alikiona. Gia ikiingia, ekseli upande wa kushoto ilisogea kwenye springi kwa unene wa kidole na kugonga. Ikibadilishwa, ilirudi na kugonga tena. Springi za nyuma zilishikwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopinda kama kwato, zile ambazo mafundi huziita yubolti, na pale zilipobana palikuwa na mstari unaong'aa na vumbi jekundu la kutu mbichi. Alizigusa nati kwa vidole. Mbili zilizunguka kwa vidole vitupu. Na ile senta bolti, ndogo, inayopita katikati ya springi kuzuia ekseli isitembee, kichwa chake kilikuwa kimekatika.

Aliketi kwenye boksi, mgongo kwenye tairi. Akauwaza mlima ule, watu sita au saba nyuma, na ekseli imeshikwa na mazoea tu.

"Kaka. Springi hii nani aliifunga?"

"Ipi?"

"Ya kushoto. Ni mpya kuliko ya kulia. Nani aliifunga?"

"Si... ilikuwa tu. Mlio ulianza wenyewe."

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema Mama Difu kwa sauti ya chini. "Nimelala kwenye saruji asubuhi nzima. Niambie."

Kaka akashuka, akaja kuchuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, mvi kichwani, na alizungumza akiitazama sakafu. Ilikuwa miezi mitano nyuma, mlimani, springi ilivunjika. Alikuwa na nyingine ndani ya gari. Aliifunga mwenyewe, gari likiwa juu ya jeki, kwa spana fupi. Gari liliposhushwa halikulia kitu. Mlio ulipoanza wiki chache baadaye alijua moyoni, lakini kila fundi alipomuuliza alisema ulianza wenyewe.

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa akisema mimi hata kizibo cha chupa sikijui kukaza. Nikafikiri, wakikuta ni mimi..." Alifuta paji la uso. "Na kwako ndiyo nilishindwa kabisa. Kila nikitaka kuja nawaza, nitaingia pale nitaambiwa nilikuwa wapi. Siku moja ikawa mwezi. Mwezi ukawa huu."

Mama Difu alimsikiliza. Angeweza kumwambia mengi, na baadhi yalikuwa yameshaiva mdomoni kwa miaka. Badala yake alisema, "Kafungue kabati la chini. Kuna yubolti za kipimo hicho. Na spana ndefu."

Walifanya kazi hiyo hadi alasiri. Walitoa springi, wakaweka senta bolti mpya, wakairudisha ekseli mahali pake, kamba ikathibitisha: fundo lilifika pande zote mbili. Nati akamwachia kaka akaze mwenyewe, kwa kupokezana pembe kwa pembe, na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki. Grisi ilimpaka hadi kwenye viwiko na hakusema imemchefua. Kikombe kiligonga mara mbili. Mara zote mbili Mama Difu alikwenda mwenyewe. Hakumwomba tena.

Walipolijaribu kwenye mteremko, gari lilikaa kimya. Kaka alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Bolti mpya hukaa vibaya mwanzoni," Mama Difu alimwambia. "Usipakie mtu. Ijumaa urudi tukaze tena."

"Nitarudi."

"Usiporudi kwa ajili yangu, rudi kwa ajili ya hao watu unaowapandisha mlima."

Ijumaa alirudi. Nati zilikubali robo mzunguko, moja ikakubali nusu. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, mara mbili, mpaka kwenye kucha, na bila kuambiwa akaelekea mlango wa nyuma. Mama Difu alimfuata akasimama kizingitini.

Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akatoa neno moja kati ya yale yaliyombakia, akamwita kwa jina la mumewe. Kaka akamgeukia dada yake, macho yamejaa.

"Itika," dada alisema. "Hana mwingine wa kumwita."

Akaitika. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamnywesha supu kwa kijiko, nusu ikaingia, nusu ikaenda kwenye shuka. Mama Difu aliiona kazi mbovu ile, mkono ukamwasha aingilie, akajizuia.

Tangu hapo kaka akachukua Jumatatu na Alhamisi. Si kwamba alizitimiza zote. Wiki nyingine mvua ilimzuia mlimani, wiki nyingine alitoa udhuru ambao haukusimama, na Mama Difu akabeba siku yake juu ya zile nyingine bila kusema, kwa sababu kusema nako ni kazi. Lakini alikuja zaidi ya alivyokosa, hadi Mama alipofariki, miezi minane baadaye, akiwa amelazwa ubavu wa kushoto kama alivyopenda.

Alhamisi ile ya kwanza kabisa ya kaka, Mama angali hai, Mama Difu alikuwa amepanga kulala. Alijilaza kwenye chumba cha pili, macho yakagoma. Mwili ulikuwa unangoja kuitwa. Aliinuka, akavaa kandambili, akatoka getini bila spana, bila kitambaa, bila lolote la kufanya. Alitembea hadi mwisho wa mtaa, ambako hakuwa amefika kwa miguu tangu mwaka uliopita. Duka la vitambaa lilikuwa limegeuzwa saluni. Mwenye saluni akamkaribisha, akadhani ni mteja.

"Unataka kufanya nini, mama?"

"Sijui," alisema. "Naomba nikae tu."

Akapewa kiti chini ya feni. Dakika tano hazikupita, akawa amelala, mdomo wazi, mikono imefungana tumboni, na wanawake waliokuwa wakisukwa wakapunguza sauti zao.